APOL1: jeni ya malale na figo, kwa sisi tunaoishi na mbung'o

Weka tone la damu mbichi ya ng'ombe mwenye nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, kwenye kioo, lifunike, kisha tazama kwa lenzi ya 40. Kimelea chenyewe hukioni mara moja. Kwanza unaona chembe nyekundu zikitikisika mahali pamoja kana kwamba kuna mtu anazipiga vikumbo, halafu katikati yake kinapita kitu chembamba, chenye utando ubavuni, kikijinyonganyonga. Hiyo ni tripanosoma. Ikiwa ni Trypanosoma brucei brucei, itamkondesha ng'ombe hadi mbavu zihesabike, lakini mchungaji wake aliyeumwa na mbung'o walewale hapati kitu. Changanya kimelea hicho na majimaji ya damu ya mchungaji, na baada ya saa chache utakikuta kimevimba na kupasuka.

Kinachokipasua ni protini inayotengenezwa na jeni iitwayo APOL1. Huku Tabora na Kigoma malale, ugonjwa wa tripanosoma kwa binadamu, tunayajua kwa jina, na wagonjwa wa kusafishwa damu tunawaona wakisafiri kila wiki kwenda hospitali kubwa. Ila kwamba jeni moja inagusa magonjwa yote mawili ni jambo ambalo hata watumishi wengi wa afya hawajawahi kulisikia. Utafiti mwingi kuhusu APOL1 umefanyika Marekani na Afrika Magharibi. Ukanda wetu, wenye mbung'o kuanzia Kaliua na Urambo hadi Uvinza na Kibondo, umeguswa kidogo sana, wakati Tabora ina kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na malale. Naandika hapa kwa ajili ya watu wa maabara, matabibu wa zahanati, na yeyote ambaye ndugu yake ameambiwa figo zimechoka na hakuna aliyemweleza kwa nini.

APOL1 iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 22, imepangana na ndugu zake watano, APOL2 hadi APOL6. Hao ndugu kazi zao bado hazijaeleweka vizuri. Protini ya APOL1 ina asidi amino 398 na husafiri ndani ya damu ikiwa imebebwa na HDL, ile inayoitwa mafuta mazuri. Kwenye mzigo huohuo hukaa protini nyingine, HPR, ambayo imeshika hemoglobini, na hapo ndipo mtego ulipo. Tripanosoma ina mlango maalumu wa kupokea hemoglobini kwa sababu inaihitaji ili ikue. Inapofungua mlango huo, inameza chambo na ndoano pamoja. Ndani ya kifuko chake chenye asidi, APOL1 hujichomeka kwenye utando na kutoboa tundu, chumvi na maji huingia, na kimelea kinajaa hadi kupasuka.

Kinga hii si ya kila mnyama. Binadamu anayo, gorila anayo, nyani anayo. Sokwe hana. Pale Gombe sokwe na nyani wanakula matunda ya mti mmoja, lakini damu ya nyani huua tripanosoma na ya sokwe haiui, ingawa sokwe ndiye aliye karibu zaidi nasi kwa ukoo. Nyani ametuzidi hata sisi, kwa sababu protini yake huweza kuua na ile aina ya tripanosoma inayotushinda.

Aina inayotushinda huku Tanzania ni Trypanosoma brucei rhodesiense. Kwa hadubini huwezi kuitofautisha na ile ya ng'ombe, zinafanana kila kitu. Tofauti ni jeni moja inayotengeneza protini ya SRA, ambayo hung'ang'ania ncha ya mwisho ya APOL1 na kuizuia isitoboe. Ndiyo maana anayetaka kujua kama ng'ombe wa kijiji fulani wamebeba kimelea cha binadamu hatazami umbo, anatafuta jeni ya SRA kwa PCR, kipimo kinachozidisha kipande cha jeni hadi kionekane. Ukikosa SRA kwenye sampuli yenye vimelea vichache sana, usitangaze kwamba kijiji ni salama. Jeni hiyo ipo nakala moja tu ndani ya kimelea, kwa hiyo hupotea kirahisi kuliko shabaha nyingine za PCR zenye nakala nyingi.

Mwili wa binadamu nao ukajibu. Ndani ya miaka elfu kumi hivi iliyopita, Afrika ilipata matoleo mawili ya APOL1 yaliyobadilika kwenye ncha ileile ambayo SRA huishika. La kwanza, G1, limebadilisha asidi amino mbili, ya 342 na ya 384. La pili, G2, limepoteza mbili zilizofuatana, ya 388 na ya 389. Toleo la kawaida huitwa G0. Kwa G2 hasa, SRA haipati pa kushika, na kimelea kinakufa. Utafiti wa Uganda na Guinea uliotoka 2017 ulionyesha kwamba G2 inamkinga mtu dhidi ya rhodesiense, karibu mara tano. Dhidi ya gambiense, kimelea cha malale cha Afrika Magharibi, mambo yaligeuka: G1 iliendana na watu wanaobeba kimelea bila kuugua, lakini G2 iliendana na ugonjwa mkali zaidi.

Hapa kuna fumbo ambalo kwangu ndilo sababu kubwa ya kutaka utafiti ufanyike huku. Toleo linalokinga dhidi ya rhodesiense lilipaswa kujaa mashariki, ambako rhodesiense ipo. Badala yake G1 na G2 zimejaa zaidi magharibi, na Ethiopia karibu hazipo kabisa. Sisi tuko katikati, na Kigoma imepakana na Kongo na Burundi, watu wakivuka ziwa kila siku. Kuchukua takwimu za Nigeria au za Wamarekani weusi na kuzibandika kwa Waha na Wanyamwezi ni kosa.

Sasa figo. Mwaka 2008 watafiti waliona kwamba Wamarekani weusi wenye ugonjwa fulani wa figo wana alama za kurithi kwenye kromosomu ya 22, na lawama ikaiangukia jeni ya jirani, MYH9. Ilikuwa bahati mbaya ya ujirani, kwani jeni zilizopangana hurithiwa pamoja, na alama ya moja inaweza kumshuhudia uongo mwenzake. Mwaka 2010 ikabainika kwamba mwenyewe ni APOL1, kupitia G1 na G2 zilezile.

Je, figo zinaharibika kwa sababu protini haifanyi kazi, au kwa sababu inafanya kazi vibaya? Jibu lilitoka kwa mkulima mmoja wa India. Mwaka 2004 alikutwa na Trypanosoma evansi, kimelea cha ngamia na farasi ambacho kwa kawaida hakimgusi binadamu. Uchunguzi ukaonyesha kwamba nakala zake zote mbili za APOL1 zilikuwa zimevunjika, hana protini hiyo kabisa. Akatibiwa kwa suramini, dawa ya malale, akapona. Na figo zake? Nzima. Kwa hiyo kukosa APOL1 hakuharibu figo, kinachoharibu ni G1 na G2 zikiwa kazini. Tundu lile linalomuua mdudu hutobolewa pia kwenye seli za chujio la figo, ziitwazo podosaiti, ambazo hutengeneza APOL1 yao wenyewe. Ushahidi mwingine ni wa waliopandikizwa figo: kinachoamua muda wa figo kuishi ni jeni za aliyeitoa, si za aliyeipokea.

Kuhesabu nakala ndiko wengi wanakokosea. Mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye G0/G1 au G0/G2 ana nakala moja ya hatari. Mwenye G1/G1, G2/G2 au G1/G2 ana mbili. G1 na G2 hazikai kwenye kromosomu moja, kwa hiyo ukiziona zote kwa mtu mmoja, moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama, na unamhesabia mbili. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba hatari ni kwa mwenye mbili tu. Utafiti mkubwa wa Ghana na Nigeria uliochapishwa 2024 umelegeza kauli hiyo. Nakala moja iliongeza uwezekano wa ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 18 na mbili kwa asilimia 25. Kwa ule ugonjwa wa makovu kwenye chujio, FSGS, ongezeko lilikuwa asilimia 61 na 84.

Tazama ukubwa wa namba hizo kwa utulivu. Asilimia 25 juu ya hatari ndogo bado ni hatari ndogo. Watu wengi wenye nakala mbili wanazeeka na figo zao. Jeni inahitaji kuchokozwa, na mchokozi mkubwa ni interferoni, kemikali ambayo mwili humwaga unapopigana na virusi, kwa sababu inaifanya seli itengeneze APOL1 kwa wingi. Hapo VVU inaingia. Kwa mwenye nakala mbili na VVU isiyotibiwa, uwezekano wa kupata ugonjwa wa figo unaoletwa na virusi hivyo uliongezeka mara 29 kwenye utafiti wa Marekani na mara 89 kwenye ule wa Afrika Kusini. Dawa za ARV zikianza mapema, hatari hiyo hushuka sana. Hakuna hatua dhidi ya jeni hii inayopatikana mkoani kwetu leo inayoizidi hiyo.

Kwa hiyo kabla hujawaza kipimo cha jeni, pima mkojo. Stiki ya mkojo ipo hata kwenye vituo vya afya vya wilayani, na ikitumiwa vizuri inasema mengi. Mgonjwa alete mkojo wa kwanza wa asubuhi, wa katikati, kwenye chombo safi kilichokauka. Chovya stiki sekunde moja, ifute ukingoni mwa chombo, ishike bapa, na usome kisanduku cha protini kwenye sekunde ya 60. Njano ni hakuna. Ikigeuka kijani kibichi chepesi ni alama moja, kama miligramu 30 kwa desilita, alama mbili ni kama 100, tatu ni kama 300. Ukisoma baada ya dakika tano, kila mtu ataonekana mgonjwa.

Makosa ya stiki huku kwetu nayafahamu kwa mpangilio huu. La kwanza ni kopo lililoachwa wazi mezani. Unyevu wa masika na joto la Oktoba huua stiki kabla ya tarehe iliyoandikwa, kwa hiyo funga kopo kila unapotoa moja na usitupe kile kidonge cha kukausha kilichomo. La pili ni mkojo mzito wa mtu aliyeshinda shambani au aliyetoka ziwani juani bila kunywa maji, ambao huonyesha protini isiyo ya ugonjwa. Mpe maji, arudi kesho. La tatu ni kichocho cha mkojo, hasa kwa wakulima wa mpunga na watoto wanaoogelea mabwawani: damu na protini huonekana pamoja, na figo hazina kosa. Tazama mayai kwenye mashapo ya mkojo uliokojolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, tibu, kisha rudia stiki baadaye. Homa, hedhi na maambukizi ya njia ya mkojo nayo yanadanganya.

Stiki ina upofu wake. Albumini (protini kuu ya damu) ikiwa kidogo, ile ya miligramu 30 hadi 300 kwa gramu ya kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo), mara nyingi inapita bila rangi kubadilika, na huo ndio mwanzo wa tatizo. Penye uwezo wa kupima uwiano wa albumini na kreatinini, pima. Majibu mabaya mara moja hayatoshi, yarudiwe, na ugonjwa sugu hutamkwa ukiwa umedumu miezi mitatu. Kwenye kreatinini ya damu kuna mitego miwili. Mgonjwa aliyeanza ARV yenye dolutegravir kreatinini hupanda kidogo wiki za mwanzo bila figo kuumia, kwa sababu dawa inazuia tu njia yake ya kutoka, kwa hiyo usimkatize dawa kwa hilo peke yake. Mtego wa pili ni mashine au programu za zamani zinazozidisha kiwango cha uchujaji wa figo kwa 1.159 kwa kila mtu mweusi. Kanuni mpya ya 2021 imeondoa hesabu hiyo. Rangi ya ngozi haisemi nani ana G1, na nyongeza hiyo ilikuwa inaficha ugonjwa.

Malale yenyewe yanakutana na figo kwa mlango mwingine. Tangu vipimo vya haraka vya malaria vishike nafasi ya hadubini, hakuna anayeiona tripanosoma kwa bahati kwenye slaidi ya malaria. Mrina asali, mvuvi aliyelala dago kando ya Malagarasi, mchungaji au mkata mbao mwenye homa isiyoisha na kipimo hasi cha malaria, ulizwe kuhusu mbung'o, akaguliwe ngozi kutafuta kidonda kilichovimba pale alipoumwa, na damu yake itazamwe ikiwa mbichi, ndani ya saa moja hivi, kabla kimelea hakijaacha kucheza. Akipewa suramini kwa hatua ya kwanza, mkojo wake upimwe protini kabla ya kila sindano, maana dawa hiyo inaumiza figo. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani limeingiza feksinidazoli kwenye tiba ya rhodesiense: vidonge vya siku 10 vinavyomezwa pamoja na chakula. Chakula ni sehemu ya dozi, bila hicho dawa haifyonzwi ya kutosha.

Kwa wa maabara wanaotaka kukusanya sampuli za jeni, damu iwe kwenye chupa ya kofia ya zambarau, yenye EDTA. Ya heparini huzuia PCR, na watu hugundua hivyo baada ya sampuli zote kufika maabara. Mikrolita 200 zinatosha kabisa. Kama barafu ni shida, tumia karatasi ya kuchuja: jaza duara kwa tone moja bila kulirudia, kausha kivulini kwa saa nne, na masika ziache hadi asubuhi, kisha kila karatasi kwenye bahasha yake ya plastiki pamoja na silika. Karatasi zikipangwa zingali mbichi huchafuana, na utapata mtu mwenye jeni za jirani yake.

Habari njema ni kwamba mabadiliko yote yako eksoni ya mwisho, yaani kipande cha mwisho cha jeni, ndani ya herufi zisizofika 150, kwa hiyo kipande kimoja cha PCR kinayakamata yote. Nashauri kipande kirefushwe kidogo, herufi 500 hivi, ili kiguse na nafasi ya asidi amino ya 264. Kuna badiliko hapo, N264K, ambalo likikaa pamoja na G2 huziba lile tundu na kumwondolea mtu sehemu kubwa ya hatari. Usipolipima, utamtisha mtu bure. Vianzishi vya PCR vilinganishwe na APOL2 kwanza, kwani zinafanana sana. Ukisoma mfuatano wa herufi za jeni kwa njia ya Sanger, mtu mwenye G2 moja atakupa mistari safi hadi nafasi ya 388, kisha vilele vinapandana hadi mwisho. Mgeni wa kazi huitupa akidhani sampuli imeharibika. Haijaharibika: nakala moja imepungua herufi sita na zote mbili zinasomwa kwa pamoja. Isome kutoka upande wa pili uthibitishe. Kwa wanaotumia vichunguzi vya rangi, badiliko la 384 liko herufi chache tu kabla ya pengo la G2, na kichunguzi cha G2 kilicholala juu yake kinaweza kushindwa kushika nakala ya G1, ukaandika majibu ya uongo.

Dawa inayoilenga APOL1 yenyewe bado iko kwenye majaribio. Inaxaplin, kidonge kinachoziba tundu la protini hiyo, kilipunguza protini ya mkojo kwa wastani wa asilimia 47.6 katika wiki 13, kwa wagonjwa wa FSGS wenye nakala mbili. Taarifa hiyo ilitoka 2023. Wagonjwa walikuwa wachache, 16 tu, na majaribio makubwa yanafuata. Kwa sasa kazi inabaki kwa dawa za presha za kundi la ACE au ARB, ambazo hupunguza protini kwenye mkojo, kupunguza chumvi, na kuacha diklofenaki na wenzake wanaonunuliwa dukani kwa maumivu ya mgongo.

Swali ambalo kipimo cha jeni kinalijibu vizuri ni la ndugu anayetaka kumtolea mgonjwa figo. Kijana wa miaka 25 mwenye G1/G2 anaweza kuwa na presha nzuri, mkojo safi na kreatinini safi, na bado akibaki na figo moja akawa anajiweka pabaya, huku figo aliyoitoa nayo ikiwa na uwezekano wa kuchoka mapema. Huyo aelezwe hayo yote kabla ya kusaini, faragha, bila mama na wajomba kumzunguka, na kwa familia yenye watoto kadhaa ni bora atafutwe kwanza aliye na umri mkubwa zaidi na nakala zisizo za hatari. Akibaki nyumbani, ahudhurie kliniki mara moja kwa mwaka: presha, stiki ya mkojo, kipimo cha VVU.